Figo za mwenye kisukari: ondoa kuni mbichi, usipepee moshi

Kama sukari huharibu figo kwa kuzalisha chembe kali za oksijeni, mbona tusimeze tu vitamini C na E? Kwa sababu huko ni kupepea moshi huku kuni mbichi zimejaa jikoni.

Figo zenye afya huchuja kama gramu 180 za glukosi kila siku, na mirija yake huirudisha karibu yote kwenye damu. Sukari ikipanda, mirija hiyo hufanya kazi ya ziada, hula oksijeni nyingi, na mitokondria zake (vinu vya nishati ndani ya seli) huvujisha superoksidi, mojawapo ya zile chembe kali za oksijeni. Homoni ya angiotensini II huongeza superoksidi hiyohiyo kwa njia nyingine, tena hupandisha presha ndani ya vichujio vya figo. Sukari na angiotensini ndizo kuni mbichi zenyewe.

Dapagliflozini, dawa ya kisukari, mg 10 kwa siku huipunguzia mirija mzigo wa sukari. Losartani, dawa ya presha, huizuia angiotensini. Pima kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinachujaje) na potasiamu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza losartani. Kreatinini ikipanda kidogo, isizidi asilimia 30, usiiache dawa: presha ya vichujio imeshuka, ndicho tulichokitaka. (Mjamzito hatumii losartani kabisa.) Ukitapika, ukiharisha au ukishindwa kula, simamisha dapagliflozini na uwasiliane na kliniki, maana damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Vitamini je? Jaribio la Kanada lililochapishwa 2010 liliwapa wagonjwa wa figo wenye kisukari vitamini za kundi B: asidi ya foliki mg 2.5, B6 mg 25 na B12 mg 1 kila siku. Uwezo wa figo zao ulishuka haraka kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Vitamini C nyingi nayo hugeuka oksaleti, ambayo huweza kuganda ndani ya figo zilezile unazozilinda. Mlonge kula kama mboga. Unga wake usiugeuze dawa.

Kujua kama figo zimeanza kuharibika, kijiti cha kupimia mkojo hakitoshi, kwani albumini (protini ya damu) ikivuja kidogo hakiioni. Omba uwiano wa albumini na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, angalau mara moja kwa mwaka. Chini ya mg 30 kwa gramu ni sawa. Ukizidi, rudia: homa, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), hedhi au mazoezi makali hupandisha namba, hivyo tunataka sampuli 2 kati ya 3 zikubaliane.

Na ile diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, ukiichanganya na losartani pamoja na dawa ya kukojoza, inaweza kuangusha figo ndani ya siku chache. Mweleze mfamasia kabla hajakufungia.