Machangamano ya kinga: si kinga kushambulia figo

Mtoto aliumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokokasi, akapona. Baada ya wiki moja hadi tatu anaamka kope zimevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Kama chanzo kilikuwa vidonda vya ngozi, hali hiyo huchelewa hadi wiki 3 mpaka 6. Wazazi huambiwa, “Kinga yake imeshambulia figo,” na wanaosema hivyo wengine ni wahudumu wa afya.

Changamano la kinga ni antijeni, kwa mfano kipande cha bakteria, kikiwa kimeshikwa na kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kukamata vimelea. Karibu kila maambukizi huzalisha machangamano hayo. Protini za komplimenti, ambazo ni protini za damu zinazoisaidia kinga, huyagandia, chembe nyekundu za damu huyabeba hadi kwenye ini na wengu, na huko humezwa. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa huja uwiano ukiharibika. Kingamwili zikiwa nyingi, machangamano huwa makubwa na husafishwa upesi. Antijeni ikizidi kidogo, huwa ya wastani, hukwepa kumezwa na hunasa kwenye vichujio vya figo. Huko huamsha komplimenti, chembe nyeupe hukusanyika, na vimeng’enya vyake hujeruhi kichujio. Komplimenti hutumika sana, ndiyo maana kipimo cha C3, mojawapo ya protini hizo, hushuka. Tena, katika ugonjwa wa figo unaofuata maambukizi ya streptokokasi, machangamano mengi hudhaniwa kuundwa papo hapo kwenye kichujio: antijeni hunasa kwanza, kingamwili huifuata.

Sasa angalia kingamwili hizo zinalenga nini: bakteria. Figo limeumia kwa kuwa mapambano yamefanyika ndani yake. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick walieleza watoto waliotibiwa dondakoo kwa seramu ya farasi, ambao baada ya siku 8 hadi 12 walipata homa, vipele na maumivu ya viungo. Kingamwili zao zilishika protini ya farasi, si ya miili yao.

Homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoweza kuharibu moyo, ni habari nyingine, ingawa bakteria ni yuleyule. Humo kingamwili na chembe za kinga zilizoandaliwa dhidi ya streptokokasi hukosea na kushika tishu za moyo kwa sababu zinafanana nayo. Hapo ndipo neno “kushambulia mwili” linapofaa.

Kuyachanganya kuna gharama. Mwenye homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya antibayotiki ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka, maana kila shambulio jipya huzidi kuharibu vali za moyo. Mtoto wa figo kwa kawaida haihitaji. Yeye hupunguziwa chumvi, hupewa dawa ya kukojoza maji, hupimwa shinikizo la damu kila siku, na hupewa antibayotiki ya kumaliza bakteria waliobaki. C3 hurudi kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8; isiporudi, tafuta ugonjwa mwingine wa figo.

Kwa maambukizi ya vali za moyo, figo likiumia kwa machangamano, tiba kuu ni antibayotiki za mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na wakati mwingine upasuaji. Bakteria wakiendelea kuishi kwenye vali, antijeni haikomi kumwagika. Kuituliza kinga peke yake kwa steroidi huwapa nafasi.

Kwa hiyo mzazi akiuliza, mwambie hivi: kinga ya mtoto ilikamata bakteria, na mabaki ya kazi hiyo yakajeruhi vichujio vya figo.