Kabla hujalaumu injini, pima nozeli

Kwenye karakana ya chuo chetu tuna chupa nne ndogo zenye alama za mililita. Likiletwa gari la dizeli la kisasa linalotetemeka na kukosa nguvu mlimani, hatuanzi na spana. Tunachomoa mipira inayorudisha mafuta ya ziada kutoka kwenye nozeli, yaani vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda; kila nozeli tunaipa chupa yake, tunawasha injini na kuiacha izunguke bila kukanyaga mafuta. Baada ya dakika chache chupa tatu zina kiasi kinachokaribiana, ya nne inaelekea kujaa. Nozeli inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake inavuja kwa ndani: mgonjwa ameshajulikana, na injini haijafunguliwa.

Dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni inabana hewa mpaka joto linapita nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo nozeli ndiyo inayoamua moto uanze lini. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unaisha kwa sekunde 0.03, na kazi yote ya kupuliza inamalizika ndani ya milisekunde 1 au 2 hivi. Mafuta yakiwahi, moto unaipiga pistoni ingali inapanda, na hapo ndipo injini inapogonga. Yakichelewa, joto linaishia kwenye eksozi.

Katika mfumo wa komoni reli, ulioingia sokoni miaka ya 1990, pampu hujaza bomba moja nene muda wote, na shinikizo humo hufika bar 1,600, kwenye magari mengine hata 2,000. Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee tu! Kompyuta hufungua nozeli kwa umeme: kwanza inatanguliza tone dogo la kupasha silinda moto, halafu mafuta yenyewe. Ni lile tone linalofanya dizeli za siku hizi zisingurume kama trekta.

Matundu ya nozeli hayafiki upana wa milimita 0.2, na sindano iliyo ndani inateleza kwa kulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Ndiyo maana mafuta yaliyochakachuliwa husaga chuma kwa chuma, na inaniuma kumwona dereva aliyeokoa shilingi chache kwenye dumu la barabarani akija kununua pampu nzima. Maji nayo ni adui, hivyo yatoe kwenye kikombe cha chini ya filta mara kwa mara.

Ukibadilisha nozeli, mwulize fundi kama ameingiza namba zake kwenye kompyuta. Magari mengi yanataka hivyo, kwa sababu hakuna nozeli mbili zinazopuliza sawasawa, na namba zilizochongwa kichwani ndizo zinazoieleza kompyuta tofauti yake.

Na tafadhali, usitafute uvujaji kwa kidole. Dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano. Mwanzoni huenda isiume sana, lakini nyama ya ndani inaharibika, na wapo waliokatwa vidole. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo, useme wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo yaliyoingia mwilini. Sisi hupitisha kipande cha boksi kwenye bomba, na hatulegezi nati yoyote mpaka injini iwe imezimwa na shinikizo limeshuka.