Gemu kama nyenzo ya kujifunzia kwa mtoto anayesomea nyumbani

Mtoto anayesomea nyumbani ni yule ambaye mzazi au mlezi ndiye mwalimu wake, na ratiba ya masomo hupangwa hapo hapo nyumbani. Gemu ikiingia kwenye ratiba hiyo kama njia ya kufundishia, wala si zawadi ya kumaliza hesabu, ndipo inakuwa nyenzo ya kujifunzia.

Gemu nyingi zinazouzwa kwa jina la elimu ni mtihani uliopakwa rangi. Linatokea swali la kuzidisha, mtoto anapatia, sungura anaruka na nyota tatu zinawaka. Mwondoe sungura, swali linabaki vilevile: mchezo na somo havijuani. Si mbaya kwa kukariri jedwali, ila usizitarajie zifanye zaidi ya hapo. Gemu inayofundisha hasa ni ile ambayo huwezi kuicheza vizuri bila kulitumia somo lenyewe.

Chukua Minecraft, gemu ya kujenga vitu kwa matofali, iliyotolewa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Mojang ya Uswidi. Haimuulizi mchezaji hesabu hata moja. Lakini sanduku la kuhifadhia vitu lina nafasi 27, na kila nafasi hubeba matofali 64. Mtoto anayetaka ukuta wa matofali 100 kwa urefu, 6 kwa kimo na 2 kwa unene atatafuta mwenyewe kama sanduku moja litamtosha. (Litatosha: anahitaji 1,200, nalo hubeba 1,728.) Humo pia kuna unga mwekundu unaopitisha ishara kama waya wa umeme, na ishara hiyo huisha nguvu baada ya matofali 15 isipoongezewa njiani. Mtoto aliyetengeneza mlango usiofunguka mpaka swichi mbili ziwashwe pamoja ameshaigusa mantiki inayoendesha kompyuta, hata kama hajui jina lake.

Wazo hili si geni. Mwaka 1971 huko Minnesota, Marekani, Don Rawitsch alikuwa mwanafunzi wa ualimu akifundisha historia. Yeye na wenzake wawili walitengeneza The Oregon Trail, gemu ya familia inayosafiri kwa mkokoteni kuelekea magharibi katika karne ya 19. Wanafunzi waliicheza bila skrini. Kompyuta iliwajibu kwa kuchapa kwenye karatasi. Ukitumia pesa vibaya ukakosa chakula au nguo, njiani unateseka. Ugumu wa safari ile waliuelewa kupitia maamuzi yao wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jaribio kubwa lilifanyika Tanga, ingawa halikuwahusu hasa watoto wanaosomea nyumbani. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye masomo na michezo ya Kiswahili. Wengi hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili za watengenezaji, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Matokeo hayo ni makubwa kwa watoto waliojifunza bila mwalimu. Mimi hutazama pia nusu iliyobaki, na nadhani wengi wao walihitaji mtu wa kukaa nao.

Nyumbani mtu huyo yupo, na mchango wake ni mazungumzo. Muulize mtoto kwa nini mlango wake haukufunguka, angefanyaje upya, kisha mwambie achore mpango kwenye daftari kabla ya kurudi kwenye skrini. Aliyeko Mombasa anaweza kujenga ngome ya Fort Jesus ndani ya Minecraft, na hapo atalazimika kutafuta vipimo na kujua Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa sababu gani. Kengele ya dakika 40 haipo, kwa hiyo kazi inaweza kuchukua asubuhi nzima. Uhuru huohuo ndio mtego: mzazi aliyechoka huigeuza gemu kuwa yaya, na saa tatu zinapita bila swali hata moja.

Gemu za mtandaoni zenye gumzo na watu wasiojulikana, au zinazomsukuma mtoto kununua vitu kila baada ya dakika chache, mimi ningeziacha kabisa.

Gharama nazo zisikutishe. Scratch, programu iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaisakinisha kwenye kompyuta haihitaji bando. Humo mtoto hutengeneza gemu yake mwenyewe. Anza na ndogo tu: paka anayekimbiza embe, anayepata pointi moja kila akiligusa. Kwa hilo peke yake atahitaji kuelewa mhimili wa x na wa y, namba hasi, na sharti la "kama… basi".