Msalaba mwekundu si alama ya kila anayetibu

Upo ujumbe wa siku nyingi unaozungushwa kwenye makundi ya mtandaoni, ukidai kwamba yeyote anayeuza dawa au kutoa huduma ya kwanza anaruhusiwa kuchora msalaba mwekundu kwenye kibao au gari lake. Si kweli, na tafadhali ukiupokea usiusambaze. Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, mkataba wa kimataifa unaowalinda majeruhi wa vitani, kinawakataza watu binafsi na kampuni kuitumia alama hiyo bila idhini wakati wowote, vita viwepo visiwepo, na kinakataza hata alama inayoiiga. Anayetaka uhakika akisome kifungu hicho, kisha sheria ya nchi yake.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwani wengi wetu tumekua tukiiona kwenye masanduku ya dawa na vitu vya kuchezea vya watoto, ilhali alama ya kawaida ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani. Vitani, msalaba mwekundu humwambia mwenye bunduki: usipige, hapa pana majeruhi. Ukizagaa kila ukutani ataacha kuuamini, na gari lililobeba majeruhi wa kweli huenda likashambuliwa.