Je, wajua kwa nini kasha la injini ya ndege likipasuka, kuchomelea peke yake hakutoshi?

Ukikaa Kisauni, karibu na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, utaziona ndege ndogo za pangaboi zikiruka na kutua kutwa nzima. Baadhi, kama Cessna Caravan, zina injini ya tabaini, na hizo haziko kwenye habari hii. Nazungumzia ndege za pistoni, kama Cessna 172.

Kwenye injini hizo silinda zimelala, zikielekeana kushoto na kulia. Katikati yake pana kasha la alumini la vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti, na humo ndimo inamozunguka krenki, yaani mhimili unaozungusha pangaboi. Injini ikienda mizunguko 2,400 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,200, na kila ikiwaka hulivuta kasha kana kwamba inataka kung'oka. Nusu saa tu ya safari kutoka Unguja kwenda Pemba ni mivuto 36,000 kwa silinda moja tu. Alumini huchoka. Siku moja panatokea ufa mwembamba kama unywele.

Kampuni ya Lycoming, inayounda injini za namna hii, huelekeza injini zake nyingi zifunguliwe zote baada ya saa 2,000 za kuruka, au miaka 12. Hapo ndipo nyufa nyingi hugundulika. Kasha huoshwa mpaka ling'ae, hupakwa dawa ya majimaji inayopenya kwenye ufa, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga mweupe. Fundi huzima taa na kuwasha ile ya miale ya zambarau. Ufa ambao mchana hauonekani hata kwa miwani hung'aa mstari wa kijani.

Sasa, mafundi wetu wanachomelea alumini, na wapo hodari kweli. Kwa nini wasipewe kazi hii? Kwa sababu ufa ndio sehemu ndogo ya ugonjwa. Alumini iliyokaa na oili miaka yote imeinywa kwenye vinyweleo vyake, na ukiichoma bila kuisafisha vizuri, chomeo hutoka na matundu ndani. Ufa wenyewe lazima uchimbwe wote hadi mwisho wake. Kasha hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa umeme huku gesi ya argoni ikilinda chomeo, kisha alumini hurudishiwa nguvu zake kwa joto la kupimwa. Pamoja na yote hayo, moto hulipinda. Kidogo sana, lakini hulipinda.

Na hapa ndipo penye kazi hasa. Matundu ya beringi za krenki lazima yawe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Tundu moja likienda upande kwa unene wa karatasi, oili haikai sawasawa, beringi hulika, na krenki hulazimika kujikunja kila mzunguko. Tena hata kasha lisilo na ufa huwa nyuso zake mbili zimesuguana kwa mtikisiko mpaka zikalika. Kwa hiyo nyuso hukatwa kidogo sana ili zilale sawa. Ukizikata, matundu hayawi tena ya duara, yanakuwa mfano wa yai. Ndipo vipande hufungwa pamoja kwa bolti zake, kwa nguvu ileile ya kazini, na matundu yote huchongwa upya kwa mkupuo mmoja.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni kwamba kati ya vipande hivyo hapawekwi gasketi. Gasketi ina unene, na unene huo ungeharibu vipimo vya matundu. Badala yake hutandazwa uzi mwembamba wa hariri juu ya gundi maalumu. Uzi wa hariri ndio unaozuia oili isivuje!

Mashine za kazi hii ni chache. Tulsa, Marekani, zipo karakana zinazokarabati hasa makasha, na makasha husafirishwa huko kutoka nchi nyingi. Karakana lazima iwe na idhini, na kila ilichokifanya kiandikwe, kwani si kila ufa unaruhusiwa kutengenezwa. Ukiwa mahali pabaya, kasha hutupwa, hata kama chomeo lingependeza vipi.

Likirudi zima, hatari iliyobaki ni spana. Silinda ikibadilishwa baadaye, na nati za bolti zinazopita kasha zima zisikazwe kwa kipimo cha kitabu, nyuso zitaanza kusuguana tena na beringi zinaweza kuhama mahali pake.