Shosho Anayumba? Usiniambie "Ni Uzee Tu"

Swali: Mama ana miaka 74 na akitembea anayumba. Si ni uzee tu?

Jibu: Hapana. Umri hupunguza nguvu za miguu, sikatai, lakini kuyumba kuna chanzo, na mara nyingi kinatibika.

Swali: Chanzo kama kipi?

Jibu: Mtu husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani na nyayo zinazohisi sakafu. Mtoto wa jicho humyumbisha. Kisukari kilichotia miguu ganzi pia. Ila ninachokutana nacho zaidi ni dawa. Juzi mama mmoja alifungua leso mezani: vidonge vya presha kutoka kliniki mbili, majina tofauti, dawa ileile! Na vya mafua, eti vinamletea usingizi. Tukampima presha amelala, 148. Akasimama, ikashuka ghafla hadi 116; ndiyo maana anayumba.

Swali: Basi nimwachishe dawa za presha?

Jibu: Usithubutu. Leta zote, hata za mitishamba, tuzipange pamoja.

Swali: Alianguka bafuni wiki tatu zilizopita, lakini aliinuka mwenyewe. Bado aje?

Jibu: Aje leo. Mzee akigonga kichwa, damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye: kuumwa kichwa, kusinzia, kuchanganya majina ya wajukuu. Na nyumbani mnasemaje? "Ni uzee tu." Si uzee! Nyonga ikiuma pia, asikandwe na mtu. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda umevunjika.

Swali: Na akiyumba ghafla, mdomo ukapinda?

Jibu: Hicho ni kiharusi mpaka tuhakikishe sicho. Msimpe soda wala chumvi, msingoje kaka mkubwa atoke kazini. Mpelekeni hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na foleni ya magari ya Jogoo Road, Nairobi, mnaijua.

Swali: Nyumbani nianzie wapi?

Jibu: Ukutani. Ukiona weusi wa viganja kwenye rangi ya korido, amekuwa akijishikilia kwa miezi bila kukwambia. Weka taa njia ya chooni, tupa slipa zilizolika kisigino. Asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Mkongojo apimiwe, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Usimpe tu ule alioacha marehemu baba.