Kabla Ununue Skana ya Gari Yako, Soma Hii Kwanza

Juzi mwalimu mmoja wa Njoro aliniletea Toyota Fielder hapa Nakuru, taa ya injini inawaka, na mkononi amebeba oksijeni sensa mpya kwa boksi, ile ya kupima oksijeni kwa moshi wa ekzosti. Nikamuuliza, mwalimu, hii nani alikuambia ununue? Akasema, "Fundi, nilijipimia mwenyewe," akatoa kwa mfuko skana yake, kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, simu inasoma P0171, akaenda mtandaoni akaambiwa ni sensa, akalipa.

Sasa P0171 ni kodi (si ile ya KRA), yaani namba ya hitilafu, inayosema kompyuta imeona hewa imezidi kipimo ukilinganisha na petroli upande wa kwanza wa injini, basi. Haijasema badilisha nini. Sensa ndiyo iliripoti, na yeye alikuwa anataka kumfukuza shahidi.

Nikachukua simu yake na kidude chake hicho hicho, nikatoka ukurasa wa kodi nikaenda ule wa laivu data, yaani zile namba zinacheza injini ikiwa inanguruma. Kuna moja inaitwa fueli trimu, inakuonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi kutoka kile kipimo chake cha kawaida. Kama gari iko sawa inacheza karibu na sifuri, tano hivi huku au huku haina shida. Ya mwalimu gari ikiwa imetulia bila kukanyagwa ilikuwa inaongeza 23, nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka mpaka 7. Hapo nikajua kuna mahali inavuta hewa ya wizi, kwa sababu ukikanyaga injini inavuta hewa nyingi sana mpaka ile ya wizi inakuwa kidogo ukilinganisha, lakini ikitulia ile ya wizi ndiyo inaonekana. Nikashika ule mpira mkubwa unatoka kwa boksi ya eakilina kuelekea throto, ule mlango wa hewa ya injini, nikaukunja, na pale chini kwa mikunjo umepasuka unaingiza kidole. Tukaweka mwingine, namba ikarudi 3.

Kwa hivyo ukiniuliza ununue skana gani, kitu cha kwanza nakuambia ni ionyeshe laivu data, na ikiwezekana friizi fremu, ile picha kompyuta hupiga wakati kodi inaingia, injini ilikuwa na joto gani, spidi gani, imekanyagwa kiasi gani. Zile ndogo za kusoma kodi na kufuta tu, wacha zikae dukani.

Cha pili ni gari yenyewe, na hapa ndipo watu wengi huku kwetu huumia. Video nyingi mnazotazama ni za Marekani, na kule sheria ya OBD2, ule mfumo wa gari kujipima na kutoa kodi, ilianza na magari ya 1996, halafu kufikia 2008 yote yakalazimika kuongea lugha moja inaitwa CAN. Zetu nyingi zimetengenezewa soko la Japani. Unakuta soketi ni ile ile ya pini 16 lakini gari ya 2004 hivi inaongea lugha yake ya kinyumbani, unachomeka kidude taa inawaka vizuri, simu inakuambia imeshindwa kuunganisha. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kidude cha ELM327, hiyo ni jina la chipu ya ndani, cha bei ya chini kabisa kimeandikwa v2.1, kikakataa Vitz ya mteja mbele yake, aibu gani hiyo. Hizo karibu zote sokoni ni kopi, na cha kuchekesha ni kwamba kampuni yenyewe ya hiyo chipu haikuwahi kutoa v1.5, lakini kwa mkono wangu kopi zilizoandikwa 1.5 ndizo zimenisaidia zaidi kwa gari za zamani. Apu pia ni muhimu, Car Scanner kwa mfano iko na mahali pa kuchagua Toyota ya Japani, ukiacha ile ya kawaida unaweza kutupa kidude kizima bure. Na kama uko na iPhone, Bluetooth ya kawaida haitakubali, tafuta ya WiFi au ile ya Bluetooth LE.

Usilipe kabla ujaribu kwa gari yako. Na kuna kipimo kimoja napenda sana, kwa gari iko na MAP sensa, ile ya kupima presha ya hewa inayoingia injini, kama Honda Fit: washa swichi bila kuwasha injini, angalia presha ya hewa. Hapa Nakuru tuko juu karibu mita 1,850, unafaa kuona kama kPa 81 hivi, Kisumu pale chini ziwani 88 au 89. Ukiona 101 uko Nakuru, hiyo ni presha ya Mombasa, ama sensa inadanganya ama kidude kinajitungia.

Taa ya ABS ya breki na ya eabagi ni hadithi nyingine, hivi vidude vidogo mara nyingi havifiki huko. Kama ni gari moja ya nyumbani lipa gereji ikupimie siku hiyo moja, skana ya mifumo yote inunue kama unatengenezea na majirani. Na kama shemeji yako ako na lori la NQR usimwazime, hiyo ni volti 24 na vidude vingi vya aina hii ni vya volti 12.

Ukienda kuangalia gari ya kununua beba hicho kidude. Muuzaji akifuta kodi asubuhi taa inazima, lakini kufuta kunarudisha nyuma pia zile monita, yaani vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe, utaziona hazijakamilika, na gari nyingi huonyesha kilomita tangu kodi zifutwe. Ukiona 6, muulize hiyo gari ilitoka wapi asubuhi.

Ile sensa ya mwalimu, duka lilikataa kuirudisha ati vitu vya umeme havirudishwi. Bado iko kwa boksi yake, ananiuliza kila wiki kama kuna mteja wa Fielder.